Sufuria ya Bi Mwiko

Saa moja asubuhi, chai ikiwa bado kwenye chupa, mzee mmoja mwembamba anachora sufuria. Ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba, imepinduka kifudifudi, na mvuke unatoka pembeni. Anaupuliza wino ukauke, kisha anaisogeza karatasi upande wa kulia, alikoketi mkewe.

“Haya, mama. Sema.”

Mama anaitazama karatasi. Kidole cha mkono wake wa kushoto kinatambaa, kinapita kichwa cha mtu aliyechorwa, kinafika kwenye sufuria. Binti yao, anayeosha vikombe, anafunga bomba ili asikie.

“Pumbavu,” anasema mama.

Limetoka safi, halina hata chembe ya kigugumizi. Nyumba hii hulicheka neno hilo kila asubuhi, na sababu yake si utovu wa adabu.

Mzee huyu ndiye mchoraji wa Bi Mwiko, yule muuza vyombo mwenye ulimi mkali anayetokea katika katuni ya ukurasa wa nyuma wa gazeti hili. Wasomaji wengi hawajui kwamba Bi Mwiko yupo kweli. Ni huyu mama. Kwa miaka mingi aliuza masufuria sokoni, na mteja aliyemchokoza aliondoka amesimuliwa ukoo wake wote.

“Mimi nilikuwa naandika vibao vya maduka,” anasimulia mchoraji. “Nikamkuta anamtukana mtu aliyerudisha sufuria imeungua, eti aliinunua hivyo hivyo. Nilisimama pale mpaka rangi ikakauka kwenye brashi. Nikasema, huyu nikimwacha nimekwisha.”

Alipoanza kumchora gazetini, alimpa maneno yake yaleyale. Mhariri wa wakati huo aliyakataa yote: gazeti linasomwa na watoto. Mwingine angeweka nyota mahali pa matusi. Mchoraji akaweka bidhaa ya mkewe, na kila tusi likapata sufuria yake iliyopinduka.

Nyumbani ikawa desturi. Asubuhi mama alisoma katuni kwa sauti, na kila alipofika kwenye sufuria alilitamka tusi lenyewe bila kulipunguza makali. “Sisi watoto tulikuwa tunafukuzwa nje,” anasema binti. “Basi tunasikilizia dirishani.”

Mwaka jana mama alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, maneno yakaondoka. Mtu aliyeweza kumtoa nyoka pangoni kwa mdomo akabaki kutikisa kichwa.

“Nyumba ilikuwa kimya, mwanangu, kimya cha kuumiza masikio,” anasema mchoraji. “Nilitamani hata anigombeze.”

Aliendelea kumwekea gazeti mbele kwa mazoea tu. Ndipo asubuhi moja kidole kikafika kwenye sufuria, na likatoka: pumbavu. Binti akadondosha sahani. Mtaalamu anayemfanyisha mama mazoezi ya kuongea aliwaambia wasishangae sana, kwamba tusi la mazoea wakati mwingine hubaki pale maneno mengine yanapopotea.

Siku hiyohiyo mchoraji alikuja ofisini kwetu na katuni mpya. Bi Mwiko anaugua, ananyamaza, na katika kisanduku cha mwisho anatamka neno lake la kwanza. Safari hii neno liliandikwa kwa herufi, bila sufuria.

“Nikilifunika,” alimwambia mhariri wetu, “nani atajua kwamba amesema?”

Kikao kilikuwa kirefu, na mwandishi wa makala haya alikuwamo. Mhariri wa michezo alisema wasomaji wake husikia makubwa zaidi uwanjani. Mpanga kurasa, mama wa watoto watatu, akauliza mtoto akilisoma na kumwambia mwalimu, nani ataitwa shuleni. Lilikuwa swali la haki. Mhariri alikuna kichwa, akaitazama katuni tena, akaiona sura ya mume wa Bi Mwiko, analia huku anacheka.

“Litoke,” alisema. “Simu nitapokea mimi.”

Likatoka. Mchoraji alinunua nakala yake mapema, akaikimbiza nyumbani, akaitandaza mezani. Kidole cha mama kikatambaa, kikafika kwenye neno, kikapita. Kikarudi nyuma, kikatafuta. Kisha mama akamtazama mumewe kwa macho ya mtu aliyeibiwa.

“Baba,” binti alisema taratibu, “mama hasomi tena herufi. Alikuwa anasoma sufuria.”

Mchoraji akakaa chini. “Nimelipigania neno lake mpaka nikamziba mdomo,” anasema. “Lile tusi la herufi lilinifaa mimi, si yeye.”

Alirudi kwa mhariri kuomba sufuria yake. Mhariri, aliyekuwa amepokea simu za lawama tangu alfajiri, alimkazia macho. Halafu akacheka hadi akavua miwani.

“Mzee, umetutoa jasho bure.”

Wasomaji wanaolalamika siku hizi kwamba Bi Mwiko amezidisha matusi wanastahili kuelezwa. Masufuria yameongezeka, ni kweli, ila chini yake hamna tusi hata moja. Mchoraji amefunika humo maneno ya kawaida: maji, njoo, kesho. Humwambia mkewe kilichofichwa, kisha husubiri.

Asubuhi hii, chini ya ile sufuria ndogo yenye mvuke, amefunika chai.

“Pumbavu yenye sukari au isiyo na sukari?” anamuuliza mkewe.

Mama anacheka kwa upande mmoja wa uso. Midomo inajikusanya, inahangaika. “Cha,” anasema, na binti anawahi chupa, anamimina upesi kabla neno halijapoa.

Mchoraji ana jambo moja zaidi analolitaka. Katika miaka yote hiyo ya ulimi mkali, mkewe hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita “mwenzangu”, hata katikati ya ugomvi. Neno hilo tayari limo kwenye katuni ya kesho, chini ya sufuria kubwa kuliko zote alizowahi kuchora.

Jana mhariri alimpigia simu kuuliza hapo pana tusi gani.

“Kali mno,” mzee alimjibu. “Haliandikiki.”