Nguvu ya Papa

Mwalimu wetu wa mwaka wa tano, hapa Kasongo, alipenda Kiswahili cha kamusi. Siku ya somo la bahari alichora samaki mwenye meno makali, akaandika chini yake: papa. Kwetu sisi papa ni baba mzazi. Bahari hakuna aliyekuwa ameiona, lakini papa tulimwacha nyumbani asubuhi ileile.

Alieleza vizuri, sikatai. Mimea midogo inayoelea majini inajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Vidudu vinakula mimea, samaki wadogo wanakula vidudu, wakubwa wanakula wadogo, na papa anakula wakubwa. Kila mmoja anamaliza sehemu kubwa ya nguvu kwa kuishi tu, kwa hiyo papa mmoja anahitaji wengi sana chini yake.

Akaniuliza mimi papa anapata wapi nguvu. Akili yangu ilikuwa nyumbani, kwa mama. Alikuwa ananyonyesha, anarudi kutoka shambani amechoka, na maziwa yalikuwa yanakauka.

"Kwa mama," nilijibu. "Mama iko analima, papa iko anakula."

Darasa zima liliangua kicheko. Nilipewa sifuri, nikarudi nyumbani na hasira tele.

Nyumbani, kila siku, samaki alikuwa wa papa, kichwa mpaka mkia. Sisi watoto tulichovya bugali kwenye mchuzi, na mama alikula mwisho, kilichobaki. Jioni ile, papa akiwa anakula, nilimsimulia yote, jibu langu na sifuri yangu. Nilidhani atacheka. Mkono wake ulisimama juu ya sahani.

"Sema tena," aliniambia. Nikasema tena, kwa sauti ndogo.

Wanasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Papa yangu hakuwa mchoyo, hakuwahi tu kuangalia mama anakula nini. Alimsogezea mama sahani, samaki akiwa bado nusu.

"Kula, mama ya watoto. Yote."

"Mi nimeisha shiba," mama alisema. Ulikuwa uongo, chungu nilikikwangua mimi mwenyewe, hakikubaki kitu. Akachukua kile kipande, akakiweka mkononi mwangu. "Mutoto iko na masomo."

Nilijua katika nyumba ile nani alimhitaji samaki yule kuliko wote. Nilikuwa nimetoka kulieleza jambo hilo kwa mdomo wangu, mara mbili. Nikala mpaka nikalamba vidole.