Mtani Wangu wa Melini Amefariki, Wanataka Nikawachekeshe Msibani

Admin, nifichie jina, ila mji usiufiche, maana bila Mtwara hakuna kisa. Mimi ni mama wa miaka sabini na tatu, naishi peke yangu Chikongola. Niliolewa nikiwa nimechelewa, mume akafariki, mtoto Mungu hakunijalia. Nyumba ina vyumba vinne nami nalala kimoja. Mchana nawasha redio ili ndani kuwe na mtu anayeongea. Msinionee huruma bado, sijafika kwenye kinachoniliza.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja bandarini. Pale alikuwepo kijana Mngoni kutoka Songea, karani wa mizigo. Mimi ni Myao, na Wangoni ni watani wetu tangu vita vya mababu. Vijana wa siku hizi huenda hamjui, mtani hakasirikiwi. Anaingia kwako, anafunua chungu, anakula, anakuita mchawi, nawe unacheka. Tangu siku ya kwanza yeye aliniita "mateka wangu", nami nikamwita "mwizi". Humu nitamwita Mtani tu, ndilo jina tulilozoeana.

Sikukuu moja wakubwa walitupatia meli ya mwambao, wafanyakazi wote tukale na kucheza baharini kutwa. Tukaelekea Mnazi Bay. Juu kulikuwa na masufuria ya pilau, samaki wa kukaanga, soda kwenye pipa la barafu, na bendi ya dansi iliyopanga magitaa yake karibu na bomba la moshi. Nahodha alisema tutageuza kabla ya mdomo wa Ruvuma, kwa sababu ng'ambo Msumbiji kulikuwa na vita. Hatukujali. Tulicheza huku meli inayumba, ukikosea hatua unasingizia wimbi. Sijafurahi vile tena maishani.

Ila bahari hainipendi. Nilipoanza kusikia kichefuchefu, Mtani aliniletea ndimu aliyoikata mwenyewe, ya kunusa. Nikaikamulia kwenye pilau nikala. Akaniangalia, akasema, "Wee Myao, ile ilikuwa dawa." Nikamwambia, "Dawa humezwa, Mngoni."

Bendi ilipopumzika akachukua kipaza sauti. "Jamani, huyu Myao nataka kumuoa. Mjomba wake nani hapa, nikaongee naye?" Kwetu anayeulizwa ni mjomba, na yeye alilijua hilo. Meli nzima ikanigeukia. Nikajibu palepale, "Babu yako alikuja kututeka na mkuki, wewe unakuja na kipaza sauti?" Watu walicheka mpaka mpiga saksafoni akakaa chini. Nikajiona bingwa.

Tulipokuwa tumeshageuza, alinifuata nilipokuwa nimesimama ubavuni mwa meli, nimevua viatu. Wengine walikuwa wanacheza. Akasema polepole, "Mtani, mimi sitanii. Mjomba wako anakaa wapi?"

Sasa nieleweni. Kwa watani, "sitanii" ndilo neno la kuanzia utani. Kila mtani husema sitanii, kisha anakuchoma. Nikasubiri anichome, hakunichoma. Basi nikamchoma mimi: "Mjomba wangu yuko kaburini, kamuulize huko." Mjomba alikuwa hai, yuko kijijini Ziwani anapalilia mikorosho yake. Mtani akacheka kidogo, akasema, "Haya," akarudi kwenye muziki. Hakucheza tena. Alisimama karibu na bendi ameshika chupa ya soda mpaka meli ikafunga gati.

Ofisini aliendelea kunitania kama kawaida, lakini habari ya kunioa hakuitaja tena hata kwa mzaha. Kwa kutoitaja ndipo nikajua kwamba siku ile alisema kweli, na nilipojua nikakuta nami nampenda. Ningemwambiaje? Ningesema "sitanii"? Akahamishiwa Tanga, akaoa huko, akastaafu akarudi Songea. Simu za mkononi zilipokuja alitafuta namba yangu, ikawa kila sikukuu ananipigia. "Myao, hujafa?" Namjibu, "Nasubiri wewe utangulie." Basi katangulia.

Jana mwanawe alinipigia. "Mama, baba amefariki. Aliacha agizo kwamba mtani wake wa melini aitwe, aje azuie jeneza. Alisema usije kulia, uje kutania." Kwani hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani: anazuia jeneza lisitoke, anamwigiza marehemu, wafiwa wanacheka na machozi yao. Nikamjibu kijana, "Nakuja, baba yako ana deni langu." Nikakata simu, nikakaa sakafuni.

Hakuna aliyenipa pole. Nani ampe pole mtani? Majirani niliowaambia walicheka, wakasema kawapigie kelele Wangoni.

Maziko ni Jumamosi, na basi la Songea linaondoka kesho asubuhi. Mjane wake yupo, mama wa watu, hajanikosea lolote. Najijua, nikiliona lile jeneza naweza kulia kama mwenye mume, na wanawake wenzangu watatambua. Nisipokwenda, nitakuwa nimemkatalia kwa mara ya pili mtu ambaye aliniomba mara mbili tu.

Kuna wazo jingine linanijia nikiwa nakunja nguo. Nisimame mbele ya jeneza niseme kwa sauti, "Huyu alikuwa mume wangu, sitanii." Watacheka wote. Hata mjane atacheka, atasema mtani anaijua kazi yake. Nitakuwa nimelisema mbele ya watu, na hakuna hata mmoja atakayelisikia. Je, hiyo ni haki yangu, au namwibia mwenzangu siku yake ya mwisho na mumewe?

Begi liko mlangoni. Ninyi mlio wengi humu, niambieni niende au nibaki, na nikienda nikaseme nini. Msinijibu kwa mzaha, wanangu. Leo sitanii.