Unamfuma Nani?

Niliolewa nchi ya nje. Watu wakisikia hivyo hucheka, kwa sababu kutoka kwetu Manyatta, upande wa Embu, hadi kwa mume wangu nyuma ya Kangeta ni safari ya siku moja tu. Lakini miaka ile ya Hali ya Hatari safari hiyo ilitaka pasi yenye muhuri, na askari wa barabarani aliisoma yangu juu na chini utadhani naenda Ulaya. Nilipofika nikakuta watu wanaongea kitu kinachofanana na Kiembu. Kinafanana tu. Naambiwa nilete maji, naleta mwiko.

Ilikuwa Januari, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kiangazi cha huko ni kitamu namna ile. Asubuhi ukungu, adhuhuri jua la kupasua maganda ya maharagwe, na jioni, kabla ya kafyu, upepo mtamu kutoka vilimani. Mume wangu alikuwa mwalimu, akishinda shuleni. Mimi, ambaye nilizaliwa nikae, nilikaa. Niliweka kigoda mlangoni, nikala ndizi mbivu, nikalinda maharagwe yaliyoanikwa uani yasiliwe na kuku. Kuku wa mama mkwe walinijua mapema: walikula wakinitazama machoni.

Aliyecheka nami ni wifi yangu peke yake. Mumewe alikuwa amechukuliwa na serikali, naye akarudi kwa mama yake akiwa na mimba. Ile ya kwanza ilikuwa imeharibika mwaka uliotangulia, kwa hiyo hii hatukuitaja. Mama mkwe alimfuata bintiye kwa macho kutoka jikoni hadi chooni.

Nilitaka kumpa wifi kitu: kofia ya mtoto. Katika shule ya misheni nilifundishwa kufuma sweta na kofia, lakini kwa bahati mbaya nilijua kuanza na kuendelea tu. Siku ya somo la kumaliza nilikuwa naumwa na jino. Sindano sikuwa nazo, nikachomoa spoku mbili kwenye baiskeli ya mume wangu. Uzi sikuwa nao, nikafumua sweta yake ya kijani. Nani anauliza sweta wakati wa kiangazi? Gurudumu la nyuma likaanza kutembea kama mlevi, naye akalaumu barabara.

Jambo moja nililijua vizuri, maana hata kwetu ni hivyo: mtoto ambaye hajafika hatengenezewi nguo. Ni kumtangaza kabla hajaja. Nikaapa kwamba nikiulizwa, nitasema ni soksi za mwalimu.

Aliyeuliza ni homgadi wa kijiji chetu, raia aliyepewa bunduki na serikali atulinde. Alikuwa amefanya kazi ya kupakua meli Mombasa, na tangu arudi hakutaka kuongea lugha nyingine ila Kiswahili cha pwani, hata na mbuzi wake. Alipita uani na bunduki begani, akaona vyuma viwili vikimetameta mikononi mwangu.

"Bibi Mwalimu! Vyuma hivyo vya nini?"

"Vya kufumia."

Akarudi nyuma hatua moja. Sikujua kwamba huko alikojifunzia lugha, kufuma pia ni kumchoma mtu kwa mkuki.

"Unamfuma nani?"

Nilipaswa kusema soksi. Lakini bunduki ikikutazama, uongo hukimbia wa kwanza.

"Mtoto," nikasema.

"Mtoto gani?"

"Wa wifi."

"Yuko wapi mtoto huyo?"

"Hajazaliwa!"

Alipiga filimbi mpaka kuku wakaacha maharagwe, jambo ambalo mimi nilikuwa nimeshindwa nalo wiki tatu. Wanawake wakaja mbio. Homgadi akainua kofia yangu kwa ncha ya bunduki, spoku zikining'inia, akamwonyesha wifi kwa kidole, akatangaza kwa lugha ya mama zao ili asiachwe mtu: "Muembu huyu anasema ni ya mtoto wa huyu, ambaye hajazaliwa!"

Hakuna aliyecheka. Wifi alishika tumbo lake. Mama mkwe alimkamata mkono, akamwingiza nyumbani, akafunga mlango.

Spoku nilirudishiwa pamoja na kofia, baada ya mume wangu kuapa kuwa ni za baiskeli yake, huku akinitazama kama mtu aliyeelewa barabara haina makosa. Lakini mlango ule haukunifungukia. Uji niliopeleka ulirudi na ganda juu. Wifi alipitishwa nyuma ya nyumba asikutane nami. Sikuogopa kurudishwa kwetu; nilimwogopea mtoto. Likimpata jambo, watasema ni mimi, na mbaya zaidi, mimi mwenyewe nitaamini.

Siku ya tisa, asubuhi na ukungu, mama mkwe akasimama mlangoni kwangu.

"Lete kile kitu."

Nikakileta, nikijua kinaenda motoni. Akakigeuza. Akakivuta huku na huku. Kwa kuwa sikujua kumaliza, nilikuwa nimeendelea tu. Akakivaa. Kikafika masikioni, kikakaa sawasawa.

"Hiki ni kichwa cha mtoto gani?" akauliza. "Wa ndovu?"

Akatoka nacho kichwani hadi katikati ya uwanja, akawaita majirani wote, na homgadi.

"Wewe wa Mombasa! Muembu wangu alikuwa ananifumia mimi. Kiswahili kilimshinda, na wewe kikakuzidi. Kuna mtu anaona hapa kofia ya mtoto?"

Hakuna aliyeona. Wifi ndiye aliyeanza kucheka, ameegemea mwimo wa mlango, na alicheka mpaka mama yake akamkaripia asijizalishe kabla ya siku.

Msichana alifika mvua za kwanza zilipoanza, akilia kwa sauti ya kutosha kijiji kizima. Niliitwa ndani pamoja na wengine. Kulikuwa na moto mkubwa na sote tulitoka jasho, lakini mama mkwe hakuivua kofia ya kijani. Aliniwekea mtoto mapajani.

"Ameshafika," akasema. "Sasa fuma."

Nikainuka niende kuchukua spoku. Akanivuta sketi, nikakaa tena, akanipa kipande cha uzi.

"Kwanza pima kichwa."

Nikapima.

"Pima tena."