Uvimbe wa Baba na wa Mtani Wake

Mwaka ule baba na mtani wake waliugua pamoja. Mtani alikuwa Mngoni aliyekuja Nachingwea kufanya kazi katika mashamba ya karanga ya Wazungu, kisha akaoa kwetu Ruangwa. Wote wawili walijisaidia damu, na tumbo likawa linafunga.

"Wewe Mmwera, hata ugonjwa unaniiga!" alisema mtani.

"Mimi ndiye niliyeanza," baba akajibu. "Wewe umedoea, kama kawaida yako."

Walipasuliwa Nachingwea, hospitali moja, wiki moja. Vinyama walivyotolewa vilipelekwa Dar es Salaam kupimwa. Majibu yaliporudi, muuguzi alitueleza, mimi na mtoto wa mtani, tukiwa tumesimama barazani. Uvimbe wa mtani haukuwa saratani. Ulikuwa kama uyoga juu ya gogo: umeota ndani ya utumbo lakini haukupenya, ukishaukata basi. Wa baba ulikuwa saratani. Huo ni kama ndago shambani, gugu linalotambaza mizizi chini na kuchipua mbali. Ulikuwa umetoboa ukuta wa utumbo na kuota tena kwenye ini. Daktari alikata alichoweza.

Mwenzangu alinishika mkono. Niliutoa. Nilitaka kuuliza kwa nini uyoga uende kwao na ndago ije kwetu.

Wakati wa kupalilia ufuta mtani alikuwa ameshashika jembe. Nilimwona na mwanawe shambani, wanabishana na kucheka, nikabadilisha njia. Baba yangu alikuwa kwenye mkeka uani, uji hataki, kuzungumza nami hataki.

Mtani alipokuja kumtazama aliketi kwa adabu kama mkwe. Zamani aliingia uani na kukamata kuku bila kuomba, ndio utani wao. Siku ile jogoo alipita mbele ya miguu yake, akamwacha.

"Mbona humkamati?" baba aliuliza.

"Pumzika, ndugu yangu."

"Ndugu yako nani? Nimeshakufa? Mngoni mwizi, kamata jogoo!"

Mtani akainuka, akamkimbiza jogoo kuzunguka jiko, akaanguka, kofia huku, yeye kule. Baba akacheka huku ameshika tumbo kwa mikono miwili, machozi yakamtoka.

Tangu hospitali nilikuwa sijamsikia akicheka. Mimi ndiye niliyemwogesha na kumgeuza kila asubuhi. Nikamtazama mtani akiondoka, mzima, jogoo wetu kwapani, na kicheko cha baba ameondoka nacho.