Mtaalamu wa Kujipima Matiti

Mimi ni mhudumu wa afya wa mtaa hapa Misunkumilo, na mdomo ninao. Wiki iliyopita niliwakusanya akina mama nikawasema kwa uvivu wao: kujipima matiti ni dakika chache tu kila mwezi, hedhi ikishaisha, na bado nyie mnashindwa.

Bibi mmoja wa Kisukuma akauliza taratibu, "Na wewe mwanangu, ulijipima lini?"

Ukweli, sijawahi hata siku moja. Naogopa nitakachokuta. Nikajibu bila aibu, "Juzi tu, bibi."

Wifi yangu, ninayeishi naye, akainua kichwa. "Juzi si ndiyo ulinituma dukani nikakununulie pedi?"

Walicheka wote isipokuwa yule bibi. "Kumbe na nyie wataalamu mnaogopa," akasema.