Hesabu ya Vibwengo Nyumbani kwa Kogo

Nilipoolewa huku Sigowet nikitokea Kisii, nilikuja na sufuria mbili nzuri, godoro na binti yangu wa miaka saba. Sufuria zilipokewa siku hiyohiyo. Kuhusu binti sikuwa na hakika.

Si kwamba mama mkwe alimbagua. Sote humwita Kogo, yaani nyanya, na Kogo alimpa mtoto wangu maziwa kama wajukuu wengine, akamgombeza kama wengine. Lakini mimi ni mtu wa kutaka kuambiwa wazi. Nilitamani siku moja nimsikie akitaja ana wajukuu wangapi, nijumlishe kimoyomoyo nione kama wangu yumo. Kumbe katika nyumba ile watoto hawahesabiwi, wala ng'ombe. Kuhesabu ni kualika shida. Kogo ameokoka tangu zamani na hakosi kanisa, lakini kwa jambo hilo wokovu haujafika.

Binti yangu aliligundua kwa njia mbaya. Jioni moja alisimama langoni ng'ombe wakiingia, akawahesabu kwa sauti, na kidole juu.

"Wacha!" Kogo alimkemea. "Ng'ombe ya watu haihesabiwi!"

Mtoto alinijia jikoni akilia. "Mama, amesema ng'ombe ya watu. Kwani mimi si wa hapa?"

Nilikasirika mpaka nikaunguza ugali.

Mtoto mwenyewe hakuweka kinyongo kama mamake. Wakati huo alikuwa amezama kwenye vibwengo, wale viumbe wa msituni wenye masikio yaliyochongoka, aliowaona kwenye katuni. Alikuwa akiwatungia lugha yao, na wiki hiyo alikuwa amefika kwenye namba. Ilu ilikuwa moja, wesi mbili, narel tatu, feo nne, limue tano, shairo sita. Hapo alipumzika kidogo, kisha akatunga nyingine sita, kwa sababu vibwengo wake wana vidole sita kila mkono na hakutaka kimoja kikose jina. Jumamosi, tukichuma chai, alimfuata Kogo katikati ya majani.

"Kogo, hii si kuhesabu. Ni kibwengo. Hakuna mtu anaielewa, hata shida yenyewe haielewi."

Kogo alitua kikapu, akacheka mpaka akashika kiuno. Halafu akaangalia huku na huku kama mtu anayetaka kuiba sukari.

"Ile ya kwanza inaitwa aje?"

Tangu siku hiyo walikuwa na siri yao. Jioni nilikuwa nikimsikia Kogo langoni akinong'ona, "Narel, feo," huku ng'ombe wakipita. Mara moja aliishia limue bila kufika shairo, akasimama, akatuma watu. Mtamba mmoja alipatikana kwa jirani akila majani ya nepia. Kogo alitamba wiki nzima, na mimi nilicheka, lakini swali langu lilibaki palepale.

Desemba ukoo wote ulikuja. Baada ya kanisa wajukuu walijazana jikoni, na Kogo, mkononi kibuyu chake cha mursik, yaani maziwa ya mgando, alitaka kujua atoe vikombe vingapi. Akawapanga mstari kuanzia mkubwa, akaanza kugusa vichwa.

"Ilu. Wesi. Narel."

Wifi zangu walitazamana. Mmoja akauliza kama mama ameanza kunena kwa lugha. Mimi nilikuwa nikisukuma chapati, na mikono ikasimama yenyewe. Nilijua sasa nitapata jibu, na nikaogopa kulipata.

"Feo. Limue."

Akafika kwa binti yangu. Akaweka mkono kichwani pake, asitaje namba. Nilianza kutafuta maneno ya kumwambia mtoto usiku huo. Kogo aliangalia dari, akaangalia kibuyu, lakini mkono haukutoka pale kichwani.

"Hii imenipotea," akasema. "Baada ya limue ni nini?"

"Shairo, Kogo."

"Ee. Shairo."

Akasonga kwa aliyefuata, akaendelea mpaka mwisho wa mstari, kisha akaagiza vikombe. Hakuna aliyeona kitu. Binti yangu alikuwa tayari anagombania kikombe kikubwa na binamu zake.

Wifi yangu mmoja aliniuliza mbona nalia. Nikamwambia ni moshi, na tulikuwa tunapikia gesi.