Lugha Aliyopewa Mwanaidi

Nilipokuwa mtoto, miaka michache baada ya Uhuru, kwetu milimani juu ya Kwai, hakuna mtu niliyemwonea wivu kama dada yangu Mwanaidi, binti wa baba mkubwa. Bibi yetu alikuwa Mmbugu. Jikoni alizungumza na Mwanaidi Kimbugu cha ndani, lugha ambayo majirani zetu Washambaa hawakuielewa. Mimi nikiingia tu, wanahamia Kishambaa. Mama yangu alikuwa Mshambaa, na kwa Bibi hilo lilitosha.

Nikawa nasikiliza nyuma ya ukuta, moyo ukiniwaka.

Bibi aliamini kwamba ng'ombe aliyetupiwa jicho baya huzuia maziwa mpaka anayemkamua amsemeshe kwa lugha hiyo. Lakini akisemeshwa na asiye Mmbugu kwa baba na mama, maziwa yatatoka na damu.

Asubuhi moja ng'ombe wetu, aliyekuwa ametoka kuzaa, alikataa kukamuliwa. Vidole vya Bibi vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, hivyo akamwita Mwanaidi.

"Kaa umkamue, mjukuu wangu. Msemeshe."

Mwanaidi alikuwa tayari na sare ya shule. Wiki ile wenzake walikuwa wamemcheka darasani kwa lugha ile, na mwalimu, mgeni kutoka Tanga, akasema taifa sasa lina lugha moja. Mwanaidi akatazama chini.

"Bibi, mimi sitaki tena. Siku hizi tunasema Kiswahili."

Hasira ikanipanda. Anakitupa kitu ambacho mimi ningekipokea kwa mikono miwili! Nikachuchumaa, nikashika chuchu, nikayasema yote niliyoyadaka ukutani, hata ile sauti ngumu ya kupuliza kando ya ulimi.

Ng'ombe akatulia. Maziwa yakaingia kwenye kibuyu, meupe, kisha yakachanganyika na wekundu.

"Nilisema mimi," Bibi akanong'ona, akayamwaga.

Bwana mifugo alisema ni ugonjwa wa kiwele, akatoa dawa, ng'ombe akapona. Bibi hakushawishika. Hakunifundisha hata neno moja mpaka alipofariki.

Leo Mwanaidi naye ana wajukuu, huko Tanga. Nikimuuliza maana ya maneno yale anacheka, anasema ameshasahau. Mimi ninayo yote, ila sijui yanasema nini. Bibi aliiona lugha yake inakwisha, na mjukuu aliyeitaka amesimama pale pale, lakini akaona afadhali aondoke nayo. Simlaumu, ndivyo alivyoamini. Ila Mwanaidi namwonea wivu hata sasa, nikiwa na mvi kichwa kizima. Yeye aliombwa.